Vuli Haina Majani Mekundu

Oktoba iliyopita rafiki yangu aliyehamia Toronto alinitumia picha. Njia imejaa majani mekundu na ya manjano, kikombe cha kahawa mkononi, na chini yake ameandika: "Vuli imefika. Nimekumbuka nyumbani." Nikaitazama kwa muda. Mimi na yeye tumelelewa mtaa mmoja, Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, na kwetu vuli haijawahi kuangusha jani hata moja. Vuli ya kwetu ni mvua, tena mvua isiyo na adabu. Inakuja kati ya Oktoba na Disemba, inamwaga dakika kumi, inakulowesha nguo zote ulizoanika darini, kisha jua linatoka kana kwamba hakuna lililotokea.

Simlaumu. Lugha ndiyo iliyomchanganya. Watu walihitaji jina la Kiswahili la yale majira ya Ulaya ya majani kupukutika, wakaangalia kalenda, wakaona miezi inakaribiana, wakachukua jina la mvua yetu wakalibandika kwenye miti ya wenyewe. Leo ukitafuta vuli mtandaoni unaletewa misitu ya ughaibuni. Neno lilihamia huko kabla ya rafiki yangu kupata viza. (Kitu kinachokaribia majani yake mekundu hapa Kenya ni maua ya zambarau ya mijakaranda Nairobi, ambayo humwagika barabarani Oktoba hiyohiyo. Na mjakaranda wenyewe ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini.)

Picha hiyo ilinikuta nikiwa Kuze, nimekaa sakafuni, nikitia vyombo vya nyanya kwenye maboksi. Nyanya amefariki, warithi ni wengi, na nyumba inauzwa. Ami, ndugu mkubwa wa baba, alitaka mambo yaishe kabla mvua haijashika, kwa sababu dari linavuja na mnunuzi akiona maji ukutani atashusha bei. Kwa hivyo nilikuwa nikishindana na vuli yenyewe, huku mtu wa Kanada akiniambia vuli imefika.

Nyanya hakuwa mtu wa tarehe. Alihesabu watu kwa mvua na pepo. Ami alizaliwa "mvua za uhuru", shangazi alizaliwa "kusi kali, mashua hazitoki", na mimi nilizaliwa vuli ya El Niño. Cheti changu kinasema Novemba 1997, lakini sikuwahi kumsikia akitaja Novemba. Alisema mama alipelekwa hospitali kwa mkokoteni kwa sababu teksi zilikataa kuingia kwenye maji, na kwamba nililia nikashindwa kusikika kwa kelele za mvua kwenye mabati. Nilidhani anatia chumvi mpaka nilipokuja kusoma habari za mwaka ule. Mvua ilianza Oktoba 1997 ikaendelea hadi mwanzo wa 1998. Barabara zilikatika, madaraja yakasombwa, kipindupindu kikazuka, na kule Garissa na jirani zake homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo.

Mvua za uhuru nazo si hadithi ya nyanya peke yake. Mwaka wa 1961 ulianza kwa ukame na njaa. Agosti Jomo Kenyatta akaachiliwa, na kuanzia Oktoba mbingu zikafunguka. Mafuriko yalikuwa makubwa hivi kwamba Ziwa Victoria lilipanda, na kufikia 1964 maji yake yalikuwa juu kwa zaidi ya mita 2. Watu wakaunganisha mambo mawili wasiyoweza kuyatenganisha, mvua na uhuru, wakayapa jina moja. Ndiyo maana Ami anajua umri wake bila kuangalia kitambulisho.

Nilianza kujiuliza huu mtindo wa kuhesabu maisha kwa upepo ulitoka wapi.

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi inavuma kuanzia Disemba hadi Machi, inatoka Arabuni na Bara Hindi, kavu, na inaleta lile joto linalowafanya watu walale darini. Kusi inashika zamu Aprili au Mei hadi Septemba, ina nguvu, na inachafua bahari. Sababu yake ni Asia. Jua likiipiga ile ardhi kubwa, hewa yake inapanda na upepo unavutwa kutoka huku kusini. Ardhi ikipoa, upepo unageuka. Kati ya zamu hizo mbili mambo hayaeleweki, leo upepo huku, kesho kule, na mabaharia wakayaita majira hayo tanga-mbili. Masika inaingia kwenye tanga-mbili ya kwanza, vuli kwenye ya pili. Halafu kuna kipupwe, baridi ya Juni na Julai ambayo mtu wa Limuru angeicheka, na demani, pale kusi inapochoka na bahari inalala.

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu na kurudi nyumbani na begi moja, jamaa wote walikuwa na hotuba. Nyanya peke yake aliniuliza kama nimekula, kisha akasema, "Hii tanga-mbili yako, mwanangu. Usitweke tanga bado." Wakati huo nilidhani ananibembeleza tu. Sasa naona alikuwa akinipa ushauri wa kibaharia uliochunguzwa kwa miaka elfu mbili.

Yupo mtu mmoja maarufu aliyeupuuza. Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa, akakosana na wenyeji, akasonga mbele hadi Malindi, ambako alipewa rubani aijuaye bahari. Akaondoka tarehe 24 Aprili, kusi ikianza kushika, na chini ya mwezi mmoja akawa ametia nanga Calicut, pwani ya India. Vitabu vya shule huishia hapo, na sisi tulichora mnara wake wa Malindi kwenye madaftari. Kurudi ndiko kwenye hadithi. Huko India nako alikosana na watawala, hakutaka kukaa, na mwanzoni mwa Oktoba akaikata bahari, kaskazi haijaingia. Upepo ukamnyima. Bahari ileile aliyoivuka kwa wiki chache ikamshika karibu miezi 3. Mabaharia wakavimba ufizi kwa kiseyeye na kufa mmoja baada ya mwingine, na walipofika Malindi Januari 1499 hawakutosha kuendesha merikebu zao 3. Wakaichoma moto moja, São Rafael, kusini mwa Mombasa. Nahodha yeyote wa Mvita angemwambia neno moja: ngoja.

Na hili la kungoja ndilo nililokuja kuliona kuwa kiini cha jambo lote. Tunapenda kusema miji ya Waswahili ilijengwa na biashara. Ni kweli, lakini biashara yenyewe ilikuwa kukaa bure kwa muda mrefu. Chombo kikija na kaskazi kutoka Omani, Uajemi au Kuwait hakiwezi kurudi mpaka kusi iingie. Na Juni na Julai kusi inakuwa kali mno, kwa hivyo ukichelewa kuondoka mwanzoni mwake unangoja tena hadi mwisho wake. Wiki, miezi, watu wazima wako pwani hawana pa kwenda. Wanauza tende, mazulia na papa mkavu. Wanapandisha chombo mchangani, wanakikalafati, wanakipaka sifa. Wanakaa barazani. Wanaswali na watu, wanajifunza lugha, wanaoa. Kuna mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, na tayari unataja manahodha wa Kiarabu wanaoijua pwani hii, wanaoelewa lugha ya wenyeji na wameoa kwao. Kama upepo ungewaruhusu kuja Jumatatu na kuondoka Alhamisi, sijui kama mimi ningekuwa nikiandika lugha hii.

Desturi hiyo iliishi muda mrefu kuliko tunavyodhani. Mwaustralia Alan Villiers alipanda jahazi la Kuwait huko Aden mwishoni mwa 1938, akashuka nalo na kaskazi hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na mikoko ya Rufiji, kisha akarudi nalo na kusi likiwa limejaa boriti. Kitabu chake kilitoka 1940. Nyanya alikuwa msichana muda mfupi baada ya hapo, na kumbukumbu zake za Bandari ya Kale ni za mtu aliyekatazwa kufika. "Kaskazi ikiingia tulifungiwa ndani," alikuwa akisema, akicheka. Wasichana waliambiwa mjini mna mabaharia. Basi walipanda darini wakahesabu matanga, na harufu ya tende iliyoivia kwenye vikapu ikawafikia hukohuko juu bila ruhusa ya mtu.

Boriti zile zimo ndani ya nyumba hii. Ukilala chali kwenye ukumbi unaziona, nyeusi, zimepangwa karibukaribu zikibeba dari la mawe. Nyumba za zamani za pwani zina vyumba virefu na vyembamba, na sababu si mapenzi ya fundi, ni mti: boriti ya mkoko haibebi zaidi ya mita 3 hivi, kwa hivyo chumba hakiwezi kupanuka kuliko hapo. Nyumba za Ghuba zilijengwa kwa vipimo hivyohivyo, kwa sababu kule jangwani mti ulitoka kwetu. Nyanya akitandika mkeka ukumbini alikuwa akilala ndani ya upana ambao mtu wa Basra angeutambua.

Kulikuwa pia na kalenda, na hapa ndipo nilipopatwa na mshangao. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi na unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa jua, kwa hivyo Ramadhani yaweza kuangukia masika au kiangazi. Haimwambii mkulima apande lini. Kwa kazi hiyo Waswahili walishika mwaka wa pili, wa jua, unaoanza Siku ya Mwaka, au Nairuzi, jina lililotoka Uajemi. Una siku 365, zinazohesabiwa kwa makumi. Kila kumi ni mwongo. Miongo 36, kisha siku 5 za kufunga hesabu. Baharia hakuuliza leo tarehe ngapi, aliuliza tuko mwongo wa ngapi. Siku yenyewe ikifika watu walioga baharini alfajiri na kuzima moto wa zamani jikoni ili kuwasha mpya. Makunduchi, Unguja, bado wanaiadhimisha kwa shangwe na watalii wanajaa. Hapa kwetu imebaki kwa wazee wachache, na wengine hawataki hata itajwe kwa sababu wanaiona si ya dini.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kuandika kwamba wazee wetu walikuwa na kalenda kamili ya majira na sisi tukaipoteza. Ingekuwa makala tamu. Shida ni hesabu. Mwaka wa jua una siku 365 na robo, na Nairuzi yetu haina siku ya nyongeza. Kila miaka 4 inateleza siku moja. Katikati ya karne ya 19 Siku ya Mwaka ilikuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti. Leo Makunduchi wanaoga Julai. Nyanya aliishi miaka 80 na ushei, kwa hivyo mwaka wake ulisogea siku 20 chini ya miguu yake. Mwongo ambao babu yake alipandia mtama si ule ambao yeye angepandia. Maana yake kalenda haikuwa ikifanya kazi peke yake. Kila kizazi kilibidi kiketi, kitazame bahari, kibishane na kuirekebisha: mwaka huu tuanze mwongo mmoja mbele. Haikuwa ya kuaminika. Ilikuwa ya kujadiliwa, mtaa mzima.

Tena vuli yenyewe haijawahi kuaminika. Wanaopima mvua wanajua kwamba vuli inabadilika mwaka hadi mwaka kuliko masika. Mwaka wa 1999 wanasayansi walieleza sababu moja kubwa. Maji ya upande wetu wa Bahari Hindi yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua inamwagika kwetu. Hali ikigeuka, inawaendea wao na sisi tunabaki kutazama mawingu. Mwaka wa 1961 ulikuwa hivyo. Wa 1997 ulikuwa hivyo, na El Niño juu yake. Kisha kuanzia vuli ya 2020 misimu 5 ya mvua ikafuatana bila kitu, na vuli ya 2022 ikawa ya tano. Huo ndio mwaka nyanya alipoanza kusema majira yamepotea. Nilikuwa Nairobi, nilimsikia kwenye simu, nikamjibu kwa habari za mabadiliko ya tabianchi nilizozisoma. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza, "Na huko kwenu wanangoja nini?" Sikuwa na jibu. Nairobi nilikuwa nangoja malipo ya makala, nangoja tokeni za stima, nangoja matatu ijaze. Hakuna tulichokuwa tukikingoja pamoja.

Mwaka uliofuata Rais William Ruto alituambia mwezi wa Oktoba kwamba El Niño iliyotabiriwa haingekuja. Novemba mafuriko yakaua watu zaidi ya mia moja, na Mombasa maji yakaingia nyumba za watu. Nyanya alikuwa hai bado. Alihamisha magodoro juu mapema kwa sababu, alisema, kereng'ende walikuwa wengi.

Mambo ya upepo hayakwisha siku moja. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, meli za mvuke za barua zikaanza kuja Zanzibar 1872, na reli ikaanza kujengwa Mombasa 1896. Meli ya mvuke haimuulizi mtu mwongo wa ngapi. Miaka ya 1920 gati za maji marefu zikajengwa Kilindini, ng'ambo ile ya kisiwa, na mji ukawa na bandari mbili: moja inayofuata saa, nyingine inayofuata kaskazi. Majahazi yaliendelea kuja Bandari ya Kale, kila mwaka machache zaidi. Mafuta yakatajirisha Ghuba, vijana wao wakawa na kazi bora kuliko kulala barazani kwetu. Mwaka wa 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje, uamuzi mzuri kwa mikoko, na shehena ya kurudi nayo ikakosekana. Kufikia nilipozaliwa, kaskazi ilikuwa jina la joto tu.

Sasa, kereng'ende. Tulipokuwa watoto walijaa angani vuli ikiwa karibu, wa rangi ya dhahabu, nasi tuliwafunga uzi wa cherehani mkiani na kukimbia nao kama tiara. Nyanya alitukataza. Alisema ni wageni, wametoka mbali. Tulidhani ni namna ya kuwaonea huruma. Mwaka wa 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, aliandika kwamba kila Oktoba visiwa vile vinajaa kereng'ende ilhali havina maji baridi ya juu ya ardhi ya kuwatosha kuzaliana. Akafuatilia tarehe za kuonekana kwao, akapendekeza kwamba wanatoka India, wanapanda juu sana, wanabebwa na upepo juu ya bahari na kufika Afrika Mashariki pamoja na mvua, ambako wanataga kwenye vidimbwi. Watoto wao, na watoto wa watoto wao, hurudi India na upepo wa kinyume. Safari nzima ni kilomita 14,000 au zaidi, na hakuna kereng'ende mmoja anayeimaliza. Ndio mabaharia wa mwisho wanaofuata ratiba ya zamani, na sisi tuliwafunga uzi.

Jioni ya mwisho ya kutia vitu kwenye maboksi nilipanda darini. Mvua haikuwa imenyesha. Ami alikuwa chini akiongea na fundi kuhusu kuziba nyufa kwa saruji kabla mnunuzi hajaja kesho. Kusi ilikuwa imekata, nguo za jirani zimening'inia bila kutikisika, na upande wa Nyali anga ilikuwa imeanza kufanya weusi. Halafu nikawaona, kama hamsini hivi, wanazunguka juu ya tangi la maji.

Nikachukua video, nikamtumia wa Toronto. Nikaandika: "Vuli hii hapa."

Kule ilikuwa mchana bado. Akajibu haraka kuliko kawaida yake: "Wamewahi mwaka huu, au ni mimi?"

Nikashuka kumuuliza Ami. Alikuwa ameshika ndoo ya saruji, jasho linamtoka. Akatoka nje, akatazama juu kwa muda mrefu, mkono umekinga macho.

"Sijui," akasema. "Nyanyako ndiye aliyekuwa akihesabu."